Inchi 17 haikuambii kitu: kulinganisha tairi na rimu kabla ya kubadilisha

Chukua matairi mawili uyasimamishe bega kwa bega. Moja limeandikwa 215/40 R17, jingine 225/65 R17. Dukani yote mawili ni "namba 17", na kweli rimu zake zina kipenyo kimoja. Lakini la kwanza lina kimo cha milimita 604 na la pili milimita 724. Sentimita 12 hizo ndizo zinazotenganisha gari dogo la chini na gari la juu la familia, na ile 17 haikusema lolote juu yake.

Mkanganyiko wa kubadilisha rimu unaanzia hapo. Watu huulizana "umefunga ngapi?", jibu linakuja "kumi na nane", na mazungumzo yanaisha kana kwamba yote yameshasemwa. Inchi za rimu ndiyo namba rahisi kuliko zote kuiona, na ndiyo inayoeleza kidogo kuliko zote. Kama gari litatembea vizuri au litakwaruza madigadi kwenye kila tuta, hilo huamuliwa na namba nyingine. Baadhi ziko ubavuni mwa tairi, ambako kila mtu anaziona. Nyingine zimegongwa nyuma ya rimu, ambako hakuna anayeinama kutazama, na kwa maoni yangu matatizo mengi hutoka huko nyuma.

Tuanze na zinazoonekana. Tuseme gari lilitoka kiwandani na 205/55 R16 91V, saizi ya kawaida sana. Hiyo 205 ni upana wa tairi kwa milimita, ukipimwa kutoka ubavu hadi ubavu. Si upana wa uso unaokanyaga barabara. 55 si milimita, ni asilimia: kimo cha ubavu mmoja ni asilimia 55 ya upana, yaani milimita 112.75. R haimaanishi rimu, ingawa wengi huamini hivyo. Ni radiali, muundo ambao nyuzi za ndani hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi wa pili. Michelin waliusajili mwaka 1946 na leo karibu kila gari dogo linautumia. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Milimita, asilimia na inchi, vyote ndani ya mstari mmoja. Michelin hao hao walijaribu kuusafisha mchafuko huo mwaka 1975 kwa tairi la TRX, ambalo hata rimu yake ilipimwa kwa milimita. Mojawapo ilikuwa ya milimita 390. Bahati mbaya milimita 390 ni takriban inchi 15.35, kwa hiyo aliyekuwa na rimu hizo hakuweza kufunga tairi la kawaida la 15 wala la 16. Mfumo ukafifia, nasi tukabaki na hesabu yetu ya mseto.

Hesabu yenyewe si ngumu. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ya 16 ni milimita 406.4. Ongeza mbavu mbili, ya juu na ya chini, milimita 225.5. Jumla ni karibu 632. Hicho ndicho kipenyo cha gurudumu zima, na kama kuna namba moja ya kuandika kwenye karatasi kabla ya kuingia dukani, ni hiyo. Mtengenezaji alipanga gia, spidomita, mfumo wa ABS (unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki) na nafasi ya ndani ya madigadi akiwa na kipenyo hicho kichwani. Ukibadilisha rimu, lengo ni kurudi hapo au karibu sana na hapo.

Basi mtu anapanda kutoka 16 kwenda 17 na anasema, "nipe 205/55 ile ile, ila ya 17." Piga hesabu: 431.8 kuongeza 225.5 ni milimita 657. Gurudumu limekua kwa asilimia 4. Mwingine habadilishi rimu kabisa, anataka tu tairi pana zaidi, anachukua 225/55 R16. Anaona 55 haijaguswa na anaamini kimo hakijaguswa. Lakini asilimia 55 ya 225 ni kubwa kuliko asilimia 55 ya 205; kipenyo kinafika milimita 654, asilimia 3.5 zaidi. Mtego huu wa namba ya katikati hunasa hata watu wenye uzoefu, kwa sababu jicho linaona 55 na 55, na kichwa kinasema ni sawa.

Njia sahihi ni kupunguza asilimia kila unapoongeza inchi. 225/45 R17 inatoa milimita 634. 225/40 R18 inatoa 637. Zote ziko chini ya asilimia moja kutoka pale tulipoanzia. 235/35 R19 inatoa 647, asilimia 2.4 juu, na hapo unakaribia ukingo: mafundi wengi huchukua asilimia 3 kama mpaka. Mpaka huo hautoki mbinguni, lakini una mantiki. Gurudumu kubwa huzunguka mara chache kwa kila kilomita, na spidomita, ambayo kwa kawaida huhesabu mizunguko, haijui kuwa umebadilisha kitu. Likiwa kubwa kwa asilimia 4, mshale unaposoma 100 gari linaweza kuwa linakwenda 104. Watengenezaji wengi huweka spidomita isome juu kidogo ya ukweli, na Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza kabisa isome chini. Kwa hiyo huenda akiba hiyo ikakufunika, huenda isikufunike. Na kuna jambo la pembeni ambalo wanunuzi wa magari yaliyotumika hawalifikirii: gari kama hilo likitembea kilomita 10,000, dashibodi inaandika kama 9,615 tu.

Gurudumu kubwa pia hufanya kazi kama gia ndefu. Gari linakuwa zito kuondoka, na breki zinapaswa kufanya kazi zaidi, kwa sababu ukingo wa gurudumu uko mbali zaidi na kitovu chake. Anayefunga tairi la juu kwa ajili ya kupata nafasi chini ya gari ajue pia kwamba anapata nusu tu ya alichoongeza: kipenyo kikiongezeka milimita 20, gari linapanda 10.

Sasa zile alama za mwisho, 91V. Herufi ni mwendo wa juu ambao tairi limejengewa: T ni kilomita 190 kwa saa, V ni 240, W ni 270. H ni 210, na imekaa kati ya U na V bila kujali alfabeti. Watu huitazama herufi kwa sababu mwendo unavutia. Namba iliyo mbele yake ndiyo inayostahili macho zaidi, maana ni mzigo. 91 ni kilo 615 kwa kila tairi. Ukienda kwenye 225/45 R17 ya 91, mzigo haujabadilika. Lakini 225/40 R18 ya kawaida huja na 88, ambayo ni kilo 560. Umepoteza kilo 55 kwa tairi, 220 kwa gari zima, na gari limepata rimu nzuri. Ndiyo maana saizi hiyo hutengenezwa pia katika aina iliyoimarishwa, yenye alama XL na namba 92, kilo 630.

Hata hapo kuna kifungo. Kinachobeba gari si mpira, ni upepo ulio ndani yake. Katika viwango vya Ulaya tairi la kawaida hubeba mzigo wake kamili kwa upepo wa kilopaskali 250, takriban 36 kwa kipimo cha psi. XL hufikia mzigo wake kamili kwa 290, takriban 42. Ukifunga XL kisha ukajaza upepo ule ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, huna zile kilo 630, unazo pungufu. Kibandiko kile kiliandikwa kwa tairi la kiwandani. Rimu zikibadilika, muulize fundi mwenye jedwali la mzigo na upepo, wala usikubali jibu la "jaza kama kawaida".

Na ubavu wenyewe? Kutoka 205/55 R16 hadi 235/35 R19 kimo chake kimeshuka kutoka karibu milimita 113 hadi 82. Umeondoa zaidi ya robo ya mto unaotenganisha rimu na shimo la barabarani. Ubavu mfupi haupindi sana kwenye kona, na hilo ni zuri kweli: usukani unajibu mapema, gari linahisi liko mkononi. Lakini ubavu ni springi ya kwanza ya gari, kabla ya springi yenyewe na shokapu. Gari likiingia shimoni, tairi lenye ubavu mfupi hubanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, nyuzi zinakatika ndani, na siku chache baadaye unaona uvimbe ubavuni kama yai. Uvimbe huo hauzibwi. Tairi hilo limekwisha, hata kama kashata zake, yaani uso wenye mifereji unaokanyaga barabara, bado mpya.

Upana nao una hadithi yake. Wengi wanaamini tairi pana linagusa barabara kwa eneo kubwa zaidi. Kwa kiasi kikubwa eneo hilo huamuliwa na uzito na upepo: gurudumu likibebeshwa kilo 400 na likawa na upepo wa kilopaskali 250, linahitaji takriban sentimita za mraba 157, kama kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole. Tairi likiwa pana, kiganja hicho kinageuka kikawa kifupi na kipana. Kwenye lami kavu umbo hilo husaidia kwenye kona. Kwenye maji yaliyotuama linageuka dhidi yako, kwa sababu tairi pana lina maji mengi ya kusukuma kando na muda mfupi wa kuyasukuma, na huanza kuelea mapema kuliko jembamba.

Mpaka hapa tumesoma ubavu wa tairi tu. Geuza rimu.

Nyuma yake, au ndani ya miguu yake (spoki), utakuta maandishi kama 7J x 16 ET45. 16 tunaijua. 7 ni upana wa rimu kwa inchi, na J ni umbo la ukingo unaoshika tairi. Kila saizi ya tairi ina mipaka ya upana wa rimu inayokubaliwa: 205/55 R16 inakubali kuanzia inchi 5.5 hadi 7.5, na 225/45 R17 kuanzia 7 hadi 8.5. Nje ya hapo tairi ama linavimba kama puto lililobanwa kiunoni, ama linavutwa mbavu zikalala. Kuna wanaopenda kuzivuta hivyo kwa ajili ya mwonekano. Siwaelewi, ukingo wa rimu unabaki wazi, na tairi hushika rimu kwa pembe ambayo halikutengenezewa.

ET ndiyo ofseti, kutoka neno la Kijerumani Einpresstiefe, na hapa ndipo ningemwomba msomaji atulie. Wazia mstari unaopita katikati kabisa ya upana wa rimu. Sasa tazama uso unaokaa kwenye habu ya gari, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa. Umbali kati ya mstari na uso huo, kwa milimita, ndiyo ET. Ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani kuelekea shokapu. Ikipungua, rimu inatoka nje kuelekea madigadi.

Tuseme rimu ya kiwandani ni 7J ET45 na ile iliyokuvutia ni 8J ET35. Mtu atasema: imeongezeka inchi moja, basi nusu inchi ndani na nusu inchi nje. Sivyo. Nusu ya inchi 7 ni milimita 88.9, toa 45, ukingo wa nje uko milimita 43.9 kutoka kwenye habu. Nusu ya inchi 8 ni 101.6, toa 35, unapata 66.6. Rimu mpya imetoka nje kwa milimita 22.7. Upande wa ndani, 88.9 kuongeza 45 ni 133.9, na 101.6 kuongeza 35 ni 136.6: imeingia milimita 2.7 tu. Karibu upana wote mpya umekwenda upande mmoja. Ukitaka kugawa sawasawa ndani na nje, 8J ingekuwa na ET45 ile ile, ilimradi milimita 12.7 za ndani hazigusi shokapu.

Milimita 22 nje zinasikika kama si kitu mpaka gari likae watu watano na kupita tuta. Madigadi yanakwaruza tairi, na harufu ya mpira ndiyo inayotoa taarifa ya kwanza. Hata lisipokwaruza, mzigo umesogea mbali na beringi ya gurudumu, na magurudumu ya mbele hupata nguvu zaidi ya kuvuta usukani yanapokanyaga kitu upande mmoja. Spesa zinazowekwa kati ya habu na rimu hufanya jambo lile lile: spesa ya milimita 10 inageuza ET45 kuwa ET35.

Kisha kuna matundu. 5x114.3 ni nati tano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3, namba inayoonekana ya ajabu mpaka ukumbuke kuwa ni inchi nne na nusu kamili. Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Mitsubishi wameitumia kwenye magari mengi, na ndiyo maana rimu huhamahama kati yao. Volkswagen na Mercedes wametumia sana 5x112. Tofauti ni milimita 2.3, yaani kila tundu limekosea kwa zaidi kidogo ya milimita moja, na kuna watu hulazimisha. Nati itaingia, ndiyo, lakini itaingia ikiwa imeegemea, na haitakaa imekazwa.

Matundu ya nati yakifanana, bado kuna tundu la kati. Kwenye Toyota nyingi za 5x114.3 ni milimita 60.1, Honda 64.1, Nissan 66.1, Mazda 67.1. Rimu ya Toyota haiingii kwenye habu ya Nissan hata nati zikikubali. Kinyume chake inaingia, ila inacheza. Watengenezaji wa rimu za kununua hukata tundu kubwa, mara nyingi 73.1, ili itoshee wote, kisha hutoa ringi ya plastiki au aluminiamu ya kuziba pengo. Ringi hiyo ndiyo inayoweka rimu katikati kamili unapofunga. Ikikosekana, usukani hutetemeka ukifika mwendo fulani, mwenye gari anarudi kubalansi mara tatu, mashine inasema iko sawa, na iko sawa kweli: mashine iliishika rimu katikati, gari haliishiki.

Nati zenyewe zina viti tofauti. Honda za kiwandani hutumia kiti cha mviringo kama nusu ya mpira, Toyota nyingi zenye rimu za aloi hutumia nati yenye shingo na washa bapa, na rimu nyingi za kununua zinataka koni. Nati ya mpira kwenye kiti cha koni hugusa kwa mstari mwembamba tu, hata uikaze mpaka jasho likutoke. Nyuzi za boliti pia (M12 ni unene wa milimita 12, namba inayofuata ni umbali kati ya uzi na uzi kwa milimita): M12 ya 1.5 kwa Toyota na Honda nyingi, M12 ya 1.25 kwa Nissan na Subaru nyingi. Zinaanza kuingia vizuri mizunguko miwili, halafu zinakwama, na anayeongeza nguvu anaharibu boliti.

Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, matairi manne yawe ya saizi moja na yaliyochakaa karibu sawa. Vipenyo vikitofautiana, mtambo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma unalazimika kuteleza muda wote, na joto hilo ndilo linaloumaliza. Vilevile vipima upepo vilivyomo ndani ya rimu, kama gari linavyo, vihamishwe. Taa ya dashibodi itakukumbusha ukisahau.

Ningeshauri nini? Kupanda inchi moja, kwa kipenyo kile kile na ET iliyo karibu na ya kiwandani, hutoa karibu faida yote ya usukani bila gharama kubwa kwa mbavu. Kushuka inchi moja nako hakuna aibu, na kwenye barabara mbovu mara nyingi ni busara zaidi, mradi rimu ndogo iipite kalipa ya breki, yaani kile kibanio kinachobana diski. Hilo halionekani kwenye namba yoyote. Rimu mbili za inchi 15 zenye ET moja zinaweza kutofautiana kwa jinsi miguu yake ilivyopinda ndani, moja ikapita na nyingine ikasaga kalipa. Dawa ni kuijaribu kabla ya kufunga tairi: ivalishe, izungushe kwa mkono, sikiliza.

Tairi likishafungwa, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, pakia watu nyuma, pita tuta polepole. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu rimu mpya hukaa. Nati za zamani usizitupe. Spea iliyo kwenye buti bado ni ya kiwandani, na huenda ikakataa nati mpya siku ya pancha. Ziweke kwenye mfuko pamoja na jeki, na ule ufunguo maalumu wa nati mpya uwe humo humo.